Tyubu ya Mia Tatu Hamsini

Ukimwendea Mama Vipimo kununua tyubu ya pikipiki, jiandae kuhojiwa kama umekuja kuposa. Atakuuliza tairi lako ni la namba gani. Ukimjibu "la kawaida tu," atakutazama hadi ujute, kisha atatoka nje mwenyewe, achuchumae kando ya gurudumu, afute vumbi kwa kidole gumba na kukusomea namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, namba ambayo umeikalia miaka mitatu bila kuijua. Atakuuliza unabeba nini, watu au mizigo. Atakuuliza unapita wapi, kwenye lami au kwenye kokoto. Baada ya hapo ndipo atainua mkono kwenye misumari ya ukutani, ambako tyubu zake zinaning'inia zikiwa na upepo kidogo ndani.

Hizo za ukutani ndizo anazoziita zilizolala. Dukani kwake tyubu mpya haiuzwi siku iliyoingia. Huitoa kwenye boksi, huitia upepo kidogo, huitundika jioni, na asubuhi huibonyeza. Iliyonywea humrudia aliyeileta, pamoja na maneno yake. Iliyobaki vilevile huiminya pale valvu inapoungana na mpira, maana nyingi huchanikia hapo, akaipaka poda, ndipo ikauzwa. Wateja walimcheka mpaka wakachoka. Mwishowe hakuna aliyejisumbua kusoma namba kwenye tyubu iliyotoka mkononi mwake. Akishasema hii ndiyo, basi ndiyo.

Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, kaunta iliyopigwa kwa mbao za makreti, beseni la maji la kutafutia pancha, na kompresa aliyoiacha marehemu mumewe, ambayo ikinguruma hata kalenda ukutani inacheza. Mume alipofariki watu walimpa mwaka mmoja awe amefunga. Huu ni wa kumi na nne, na wengine kati ya waliomkadiria huo mmoja wanamletea matairi.

Ng'ambo ya barabara, hatua ishirini ukijumlisha na za kuruka mtaro, yuko Fundi Kofia. Jina limetokana na kofia ya sufu ambayo haivui hata jua likichoma lami. Naye anauza tyubu na kuziba pancha. Zamani walikuwa majirani wema. Aliyeishiwa na saizi fulani alivuka, akachukua kwa mwenzake, na mzigo wake ukija akarudisha. Hakuna aliyeandika popote. Mafundi wengi huishi hivyo, la sivyo kila siku wangewarudisha wateja mikono mitupu.

Kisha mteja mmoja, mmoja wa wale wanaobeba maneno kuliko abiria, akamletea Mama Vipimo habari kwamba Kofia amesema tyubu zake ni za kuogelea. Pengine alisema kwa utani. Pengine hakusema kabisa. Mama Vipimo hakuuliza. Alinunua rangi nyekundu akaandika ukutani, kwa herufi zinazosomeka kutoka mwisho wa barabara: TYUBU ZA BARABARANI, SI ZA KUOGELEA. Kofia akasoma, akacheka, na kesho yake akamsalimu kama kawaida. Akapewa kisogo. Akasalimu tena siku mbili tatu, kisha naye akanuna. Tangu hapo, wakikutana mtaroni kila mtu na ndoo yake ya maji machafu, walitazamana kama vile hapakuwa na mtu.

Haya yangebaki kuwa kituko cha mtaani kama si Kitinda.

Kitinda ni mdogo wake Mama Vipimo, wa mwisho kwa mama yao, na jina hilo la nyumbani ndilo lililomshika. Mama yao alipofariki, Kitinda alikuwa na miaka minne na dada yake kumi na sita. Alimbeba mgongoni, alimpeleka shule, alimchapa na kumbembeleza. Alipokua akapata kazi ya kusambaza mikate ya kiwanda kidogo cha jirani, dada ndiye aliyemfundisha kuitunza pikipiki. Kwa sababu ya makreti yale, walibadilisha tairi la nyuma wakaweka pana, lile linaloandikwa 3.50-18. Mafundi huliita mia tatu hamsini, na hutaka tyubu ya saizi yake, nene. La mbele lilibaki 2.75-18, mbili sabini na tano, jembamba kama kawaida. Tairi la nyuma la Kitinda halikuwahi kuguswa na mkono mwingine.

Asubuhi moja alikuja akiisukuma pikipiki, jasho linamtiririka, nusu ya mikate bado iko kwenye makreti. Gurudumu la nyuma lilikuwa limelala chini. Mama Vipimo akatoa tyubu, akaitazama: imechanika pale kwenye shina la valvu, mahali pasipozibika kwa kiraka.

"Nipe mpya, dada. Maduka saba yananingoja," Kitinda akasema.

Mama Vipimo akainua macho kwenye misumari. Mia tatu hamsini hakuna. Akatazama kwenye maboksi chini ya kaunta. Hakuna. Mzigo ulikuwa uje keshokutwa. Na pale ng'ambo, mlangoni kwa Kofia, zilining'inia tatu, nene, nyeusi, zinang'aa kwa upya. Hata asiyejua kusoma angezitambua kwa unene wake.

Kitinda naye aliziona. "Dada, nivuke hapo mara moja?"

"Ukivuka hapo, usirudi tena hapa."

Alisema huku akitabasamu, lakini si utani, na mdogo wake alimjua. Kitinda akakaa juu ya tairi kuukuu akaanza kupiga simu kuomba radhi madukani. Mama Vipimo akainama chini ya kaunta, akavuta boksi la mbili sabini na tano. Boksi liliandikwa kwamba tyubu hiyo inafaa pia kwenye mia tatu. Mia tatu hamsini halikuitaja. Mpira unavutika, akajiambia. Siku mbili tu. Mzigo ukija namwita namtolea.

"Imepatikana," akasema.

Neno hilo moja. Angesema "sina ya saizi yako, hii ni ndogo, nenda nayo polepole," leo tusingekuwa na la kusimulia. Aliifunga mwenyewe, mgongo akimpa mdogo wake. Haikuwa imelala msumarini hata usiku mmoja. Alipoijaza upepo aliisikia inavyonyooka ndani ya tairi, sauti ya mpira unaovutwa kupita kipimo chake, na akaisikia vizuri kwa sababu masikio yake yanaijua.

"Pita keshokutwa niitazame tena," alimwambia.

"Nitapita."

Hakupita, mikate haimngoji mtu. Ila kila asubuhi alipita mbele ya duka akipiga honi mara mbili, ndiyo salamu yake, na dada alijibu kwa kuinua mkono wowote uliokuwa mtupu. Mzigo ulikuja siku ya tatu. Mama Vipimo akachagua mia tatu hamsini moja, akailaza kwenye msumari wa karibu na mlango, na akakataa kuiuza kwa watu wawili. Angeweza kumsimamisha. Kila siku palikuwa na sababu: mteja yuko, mikono ina gundi, kompresa imegoma. Ukweli ni kwamba kumsimamisha kungetaka maelezo. Angeanzaje kumtolea tyubu mpya ya siku nne? Basi akangoja siku ambayo gurudumu lingepata pancha lenyewe, aibadilishe kimyakimya, yaishe.

Siku ya tisa honi haikulia.

Ilikuwa kwenye kona ya ukuta wa shule. Msumari, mdogo tu, wa kupigia mabati. Tyubu nene ya saizi yake ikichomwa na msumari kama huo hupumua taratibu, dereva anaona pikipiki inalegea nyuma, anapunguza, anasimama kando na kulaani. Tyubu iliyovutwa kupita kiasi hupasuka yote kwa mara moja. Kitinda aliupiga ukuta kwa bega na mguu. Mikate ilitapakaa hadi getini. Kwa rehema za Mungu wanafunzi walikuwa darasani.

Pikipiki ililetwa dukani kwake, maana watu walijua ni ya mdogo wake. Alisubiri waondoke, akavuta mlango wa bati nusu, akalitoa tairi. Tyubu ilikuwa imechanika urefu wa mkono kutoka kwenye kitundu cha msumari, na kingo zake zilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Akakaa nayo mapajani, hata kilio hakikuja. Kisha akaikunja, akaitia kwenye mkebe wa bati uliokuwa wa rangi, ile rangi nyekundu ya ukutani, akausukuma nyuma ya kompresa.

Nje watu walikuwa wakisema ni msumari, na ni mwendo. Hakutia neno.

Mguu ulivunjika mara mbili. Kitinda alilala hospitali wiki tatu, akatembea na mkongojo miezi sita. Goti sasa linakunja, ila kwa manung'uniko. Kilichomharibikia zaidi hakikuonekana kwenye picha za hospitali. Kila aliyekwenda kumjulia hali alimsikia akisimulia yaleyale: "Nilikamata breki ya mbele. Nilishtuka, nikaikamata ya mbele. Ningetulia, pikipiki ingesimama." Alikuwa akifunga vidole vyake hewani na kuvifungua, anavitazama kama vidole vya mtu asiyemwamini. Dada yake alikuwa akikaa pembeni ya kitanda akimenya machungwa. Mara nyingi mdomo ulifunguka. Mara nyingi aliuziba kwa kumuuliza kama anataka maji.

Mwenye kiwanda alimpa kazi ya ndani, kufunga mikate kwenye mifuko. Miaka miwili ikapita hivyo, Kitinda akienda kazini kwa miguu, akipita nyuma ya nyumba ili asipite barabarani. Na kila mgonjwa wa pancha aliyeingia dukani kwa Mama Vipimo alihojiwa maswali yake matatu kwa ukali kuliko zamani, kana kwamba ukali ungemrudishia kitu.

Hadi Jumatano moja wifi yake alipoingia, mke wa Kitinda, akakaa juu ya tairi kuukuu bila kukaribishwa.

"Wifi, mimi nimeshindwa," akasema. "Kiwanda kimenunua pikipiki mpya. Mwenyewe amesema hataki dereva mwingine, anamtaka yeye, anajua maduka yote na maduka yanamjua. Amempa mpaka Jumamosi. Na yeye anakataa."

"Anasemaje?"

"Anasema mikono yake haiamini. Anasema ataua mtu. Wifi, usiku ananiamsha ananiuliza, 'Ungekuwa wewe ungekamata breki ipi?' Mimi najua nini habari ya breki?" Akapangusa uso kwa ncha ya kanga. "Nenda wewe. Mwambie ilikuwa msumari tu, si kosa lake. Akilisikia kwako ataamini. Wewe hajawahi kukutilia shaka."

Mama Vipimo alikuwa ameshika kiraka kilichopakwa gundi, na gundi ikakauka mkononi.

Hapo ndipo hesabu yake yote ya miaka miwili ilipomgeukia. Alikuwa amejiambia kwamba ananyamaza ili asimuumize. Sasa akaona wazi kuwa kunyamaza kwake ndiko kulikomfunga ndani ya chumba cha mikate. Dawa ya mdogo wake ilikuwa nyuma ya kompresa, ndani ya mkebe, na bei yake ilikuwa hilo wifi alilolisema: hajawahi kukutilia shaka. Aliogopa. Hakuogopa kelele wala matusi. Aliogopa uso wa yule mtoto aliyembeba mgongoni, utakavyomtazama akishajua.

Alhamisi hakwenda. Ijumaa alasiri alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo Kofia ng'ambo aliliona hadi akasimama, akaubeba mkebe kwapani, akaenda.

Kitinda alikuwa sebuleni, mguu ameunyoosha juu ya stuli. Mkongojo wa zamani ulikuwa na kazi mpya: ulishikilia dirisha lisijifunge. Wifi akaleta chai, akaona nyuso, akaenda uani.

"Kama umetumwa, dada, rudi tu. Nimeshamwambia hapana."

"Nimetumwa, ndiyo. Lakini nilichokuja nacho hakuna aliyenituma." Akafungua mkebe, akaitoa tyubu, akaiweka juu ya meza kati ya vikombe. "Hii ndiyo iliyokuwa ndani ya tairi lako."

Kitinda hakuelewa. Akaichukua, akapitisha kidole kwenye mpasuko, akarudi hadi kwenye valvu, mahali namba inapochapwa. Akaisoma kwa sauti, taratibu, kama mwanafunzi. "Mbili sabini na tano. Kumi na nane." Akainua macho. "Hii ni ya mbele."

"Ni ya mbele. Niliiweka nyuma. Nilijua ni ndogo nilipokuwa naiweka. Nilijua siku zote tisa ulizopita ukinipigia honi." Akaugusa mpasuko. "Ilipasuka yote mara moja. Hakuna breki ambayo ingeishika, wala ya mbele wala ya nyuma. Mikono yako haikukosea."

Kitinda akafunga vidole vyake, akavifungua. "Kwa hiyo breki nilikamata sawasawa."

"Ulikamata sawasawa."

Kitinda akaiacha chai hadi ikajipaka utando juu. Alipozungumza hakupandisha sauti, na ingekuwa heri angepandisha.

"Nilikuuliza nivuke."

"Uliniuliza."

"Zilikuwa tatu pale mlangoni. Nilizihesabu wakati napiga simu. Hatua ngapi zile, dada?"

Wote wawili walijua ni ngapi.

"Miaka miwili nimekuwa naamka nakamata breki," akasema. "Na wewe ulikuwa umekaa hapo unanimenyea machungwa."

Mama Vipimo akasema nisamehe. Alilisema neno lenyewe bila kulizungusha, na akalirudia. Kitinda akaitikia kwa kichwa, si kwa maana ya kukubali, ila kwa maana ya kwamba amesikia.

"Nenda tu, dada. Baya la kukwambia sina, na zuri sina. Hiyo tyubu iache."

Jumamosi wifi alipiga simu, anacheka na kulia pamoja: Kitinda amekwenda kiwandani, ameichukua kazi. "Sijui ulimwambia nini, wifi, lakini Mungu akulipe." Mama Vipimo akaitikia amina, akakata, akaiweka simu kifudifudi juu ya kaunta.

Jumatatu alifungua duka mapema kuliko siku zote. Alijua kuwa pikipiki mpya itataka tairi pana nyuma, na tairi pana litataka tyubu yake. Alikuwa amelaza mia tatu hamsini tatu tangu Jumamosi, usiku wa pili huo, na zote zilikuwa zimekaza vilevile. Alifagia. Alimwaga maji machafu, akaweka mengine masafi kwenye beseni. Saa mbili kasoro akaisikia injini ngeni.

Kitinda alikuja polepole, tairi jipya pana limefungwa nyuma kwa kamba. Alipofika usawa wa duka alipunguza. Akamtazama dada yake, akamwinulia kichwa kama mtu anavyomsalimu mtu wa mtaani. Kisha akakata kona kushoto, akavuka barabara, akasimama kwa Fundi Kofia.

Kuna wateja wawili waliingia muda huo. Mama Vipimo aliwauliza maswali yake, akasahau majibu, akawauliza tena. Macho yake yalikuwa ng'ambo. Alimwona Kofia akichuchumaa, akitoa gurudumu, akizungumza, akinyanyuka kutazama misumari yake, akikuna kichwa juu ya kofia. Akamwona akigeuka kutazama upande wa huku. Kitinda alikuwa amekaa kwenye benchi, mguu mbaya ameunyoosha. Kofia akasema kitu. Kitinda akatazama chini kitambo, kisha akajibu kitu kifupi.

Fundi Kofia akaruka mtaro, akavuka. Ilikuwa mara yake ya kwanza baada ya miaka minne.

"Habari za asubuhi, mama," akasema pale mlangoni, chini ya maandishi mekundu, bila kuyatazama.

"Nzuri, fundi. Karibu."

"Nina shida ya mia tatu hamsini. Zangu zimekwisha jana. Mzigo ukija nitarudisha."

Swali likamtoka Mama Vipimo kwa mazoea: "Mzigo gani anabeba?"

"Mikate," Kofia akasema kwa upole.

Alizishusha zote tatu. Akabonyeza moja moja, akaminya mashina ya valvu, akazizungusha kwenye mwanga wa mlango. Zote zilikuwa nzima, na bado alichukua muda kuchagua. Akaipaka poda aliyoichagua hadi kwenye mikunjo, akaikunja vizuri. Alipomkabidhi hakuiachia mara moja.

"Anajua unaitoa hapa?"

"Ananiona navuka," Kofia akasema.

Akaiachia. Kofia akarudi alikotoka, tyubu mkononi. Mama Vipimo akasogea hadi mlangoni, poda ikiwa bado kwenye vidole. Ng'ambo, Kitinda alinyoosha mkono, akaichukua kwa fundi kabla haijaingizwa kwenye tairi. Akaizungusha hadi kwenye valvu, akaifuta poda kwa kidole gumba, akaisogeza karibu na macho, akaisoma namba. Akaisoma mara ya pili. Ndipo akamrudishia fundi, akamwambia aifunge.